Nilisema kansa inakinga ubongo. Ebu tuanze upya

Wiki tatu zilizopita niliweka video ya sekunde 58. Wengi wenu mliiona. Nilikuwa nimekaa barazani kwetu Majengo, kikombe cha kahawa mkononi, nikasema kwa kujiamini kabisa kwamba mtu aliyepata kansa ana nafasi ndogo ya kupata ugonjwa wa Alzheimer, na mwenye Alzheimer ana nafasi ndogo ya kupata kansa. Nikatia na muziki. Ikaenda mbali kuliko video zangu zote za mwaka huu.

Siku ya nne nikasimamishwa njiani. Ni mama wa mtaa wa pili kutoka kwetu, mtu wa heshima zake, ananijua tangu nakwenda madrasa na juzuu kwapani. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akaniuliza polepole, "Mwanangu, yale uliyoyasema ni kweli?"

Nikamwambia, "Ndiyo mama, utafiti upo."

Akanyamaza kidogo. Kumbe dada yake mkubwa ana kansa ya titi. Ameanza kemo na imemchosha: nywele zimetoka, chakula hakikai tumboni. Na mama yao, Mungu amrehemu, alikufa akiwa amewasahau watoto wake wote. Huyu binti aliyekuwa akimlisha na kumuosha alikuwa akimwita "wewe mpishi." Sasa dada mtu ameonyeshwa video yangu kwenye simu ya mjukuu, akairudisha simu, akasema, "Basi niacheni nayo. Bora nife nikiwajua."

Wallahi nilikosa pa kuweka uso.

Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, karo ilinishinda. Nilikuwa nasomea mambo ya maabara. Kwa hivyo si daktari, ila pia si mgeni wa neno "seli." Nilichokisema hakikuwa uongo. Kilikuwa nusu, na nusu niliyoiacha ndiyo yenye roho ya mtu ndani yake. Video ile nimeiondoa. Hii hapa nusu ya pili. Ni ndefu, manake historia yake inatoka mbali na njiani inapita kwetu.

Tuanze na kusahau kwenyewe. Kuna watu hupenda kusema ati huu ni ugonjwa wa Wazungu. Sijui hao wamelelewa wapi. Sisi madrasa tumefundishwa dua ya kujikinga na kurudishwa kwenye umri dhalili, ule uzee wa kupotewa na yote uliyoyajua. Dua haifundishwi vizazi na vizazi juu ya jambo ambalo watu hawajaliona. Na hapa mtaani kila mtu amewahi kumshika mkono mzee aliyepotea kati ya Mwembe Tayari na nyumbani kwake, njia aliyoipita miaka sitini, akarudishwa taratibu bila kuaibishwa. Wengine husema ni umri. Wengine husema amerudi utotoni. Wengine, kwa sauti ya chini, husema ametupiwa kitu. Kitu kimoja tu hatukukifanya: kuandika.

Kule Frankfurt mmoja aliandika. Novemba 1901 aliletwa hospitalini mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, amesahau mambo, anamshuku mumewe, hajui yuko wapi. Daktari Alois Alzheimer akakaa naye, akawa anamuuliza maswali na kuandika majibu yake kama yalivyotoka. Deter alikufa Aprili 1906. Wakati huo Alzheimer alishahamia Munich, akaletewa faili na ubongo wa marehemu. Chini ya darubini akaona mambo mawili: madoa nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Novemba mwaka huo huo akayaeleza mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen, na hakuna aliyejisumbua kuuliza swali. Mwaka 1910 bosi wake, Emil Kraepelin, ndiye aliyeutia ugonjwa jina la Alzheimer kwenye kitabu chake cha tiba.

Miaka hiyo hiyo huku kwetu tulikuwa tunaandikwa vingine. Mnamo 1938 hospitali ya Mathari, Nairobi, iliwekwa chini ya daktari J. C. Carothers, mtu ambaye hata hakuwa amebobea kwenye magonjwa ya akili. Aliwahesabu Waafrika walioletwa Mathari na akajenga juu yao nadharia nzima kuhusu akili ya Mwafrika. Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu mwaka 1953. Humo alifananisha akili ya Mwafrika wa kawaida na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Ndiyo, mmesoma sawa. Nami nauliza: nani wa Majengo angempandisha nyanyake treni usiku kucha hadi Nairobi kwa sababu amesahau majina ya wajukuu? Wazee wetu walisahau wakiwa nyumbani, wakalishwa uji na kuoshwa na mabinti zao. Rejista ya Mathari haikuwaona. Ukimhesabu aliyefikishwa mlangoni pekee, utadhani asiyefikishwa hayupo.

Kwa kansa mambo yalikwenda tofauti, na hapa ndipo historia inapokuwa tamu.

Pale Kampala, Albert Cook alifungua hospitali ya Mengo mwaka 1897 na alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Kwenye daftari zake, miaka mingi baadaye, walikuta michoro ya watoto waliovimba taya. Mwaka 1954 Kampala ikaanzisha rejista ya kansa, mojawapo ya za kwanza Afrika. Halafu 1957, hospitali ya Mulago, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliitwa aangalie mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote mbili. Jina lake Denis Burkitt, na alikuwa na jicho moja tu, lingine alilipoteza utotoni. Si muda akakutana na mtoto mwingine wa namna hiyo Jinja. Angeweza kusema ni bahati mbaya na kuendelea na kazi. Badala yake alichimbua faili za zamani, mwaka 1958 akaandika makala, kisha akaanza kutuma barua kwa hospitali kote Afrika: je, mnawaona watoto kama hawa?

Mwaka 1961 akanunua gari kuukuu, akachukua madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaendesha maili 10,000 kwa wiki 10 kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika na kurudi, hospitali baada ya hospitali. Wakachora ramani. Ugonjwa ulikaa kwenye mkanda unaokatiza katikati ya Afrika, ukakwepa nyanda za juu zenye baridi, kisha ukateremka kama mkia kufuata pwani ya mashariki hadi Msumbiji. Huo mkia ni sisi. Joto, mvua, mbu, malaria: pwani yetu ilikuwa ndani ya ramani.

Mapema mwaka huo huo Burkitt alikuwa ameyasema haya London, na kati ya wasikilizaji alikuwepo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Wakaelewana: vipande vya uvimbe vikawa vinapandishwa ndege kutoka Entebbe. Siku moja ya Desemba 1963 London ilikuwa na ukungu, ndege ikageuzwa Manchester, na chupa ikafika imechelewa, maji yake meupe kama tui. Mtu mvivu angesema vimeoza. Walipoangalia wakakuta ni seli hai, zimejitenga na zinaelea. Zikaoteshwa, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza virusi walivyoviona ndani yake, virusi vya kwanza kujulikana kusababisha kansa kwa binadamu. Mimi habari hii nilifundishwa chuoni dakika tano, kama kitu kilichotokea London. Uvimbe ulitoka kwenye taya za watoto wa Uganda jamani.

Sasa mtaniuliza, na kusahau kumeingia wapi hapa?

Kumeingia mwaka 1982. Watafiti walipofungua seli za kansa ya Burkitt wakakuta kipande cha kromosomu kimehama mahali pake na kuibeba jeni moja iitwayo MYC, ikatua sehemu ambayo haizimiki. Kazi ya MYC ni kuiambia seli: gawanyika. Kwa kawaida inawashwa na kuzimwa. Pale ilibaki imewashwa, ndiyo maana uvimbe wa Burkitt hukua kwa siku, hata macho ya mzazi yanauona ukikua.

Miaka mingi baadaye wengine wakafanya kitu ambacho mimi kilinikosesha usingizi. Waliiwasha MYC hiyo hiyo ndani ya seli za ubongo za panya wakubwa. Mtu angetegemea uvimbe wa ubongo. Haukutokea. Seli zilijaribu kugawanyika, zikashindwa, zikafa, na panya wakawa wazito wa kujifunza na kukumbuka. Na kabla ya hapo, mwaka 2001, watafiti waliochunguza ubongo wa watu waliokufa na Alzheimer walikuta dalili hizo hizo: seli za ubongo, ambazo tangu mtu azaliwe huwa zimeshaacha kugawanyika, zimeanza kunakili jeni zao kana kwamba zinataka kugawanyika. Halafu zikafa.

Nitaieleza kwa lugha ya mtaa wetu, si unaitwa Majengo? Mchukue fundi asiye na breki umpe kiwanja kitupu. Atajenga, ataongeza chumba, ataziba uchochoro wa jirani mpaka atoke barabarani. Hiyo ni kansa. Sasa mpeleke fundi huyo huyo, na saruji hiyo hiyo, kwenye nyumba ya zamani ya fito na udongo, aanze kuipandisha ghorofa. Nyumba haikui. Inaanguka na waliomo.

Na si MYC peke yake. Mwaka 1996, kule Marekani, kiligunduliwa kimeng'enya kinachoitwa Pin1. Kazi yake ni kukunja protini fulani zikae sawa. Kwenye kansa nyingi, ya titi ikiwemo, Pin1 huwa imezidi, na inasaidia seli kuendelea kugawanyika. Kwenye ubongo wenye Alzheimer huwa imepungua. Watafiti walipozalisha panya wasio na Pin1 kabisa, mwaka 2003 wakaripoti kwamba panya hao wakizeeka seli za ubongo wao hujaa nyuzi za protini ya tau, zile zile alizoziona Alzheimer kwa Auguste Deter. Kitu kimoja, ikizidi tabu, ikipungua tabu.

Halafu kuna p53, mlinzi wa seli. Seli ikiharibika, p53 huisimamisha au huiamuru ijiue. Karibu nusu ya kansa za binadamu zimefanikiwa kwa sababu mlinzi huyu ameharibika. Kwenye ubongo wa Alzheimer mambo yako kinyume, p53 huwa juu. Mwaka 2002 walipatikana panya ambao p53 yao ilikuwa kali kupita kiasi. Hawakupata vivimbe ovyo. Lakini walizeeka mapema, mgongo ukapinda, manyoya yakapungua, wakafa kabla ya wenzao. Sijawahi kusoma kitu kilichonionyesha wazi hivyo kwamba mwili unalipa bei upande wowote.

Hiyo ndiyo biolojia, na kusema kweli ni nzuri. Ndiyo iliyonilewesha hadi nikatia muziki.

Sasa hesabu. Framingham ni mji mdogo Marekani ambao wakazi wake wamekuwa wakifuatiliwa afya zao tangu 1948. Mwaka 2012 ilichapishwa hesabu ya watu wao 1,278 wenye miaka 65 na zaidi, waliofuatiliwa wastani wa miaka 10. Waliowahi kuwa na kansa walikuwa na hatari ya Alzheimer pungufu kwa theluthi moja. Wenye Alzheimer nao walipata kansa mara chache zaidi. Mwaka uliofuata Waitaliano wakatoa yao kutoka kaskazini mwa nchi, eneo la Milano, zaidi ya wazee 204,000: wenye kansa walikuwa na hatari ya Alzheimer pungufu kwa asilimia 35, na wenye Alzheimer walikuwa na hatari ya kansa pungufu kwa nusu. Hapo ndipo video yangu ilipoishia.

Lakini mtu mwenye akili anauliza: je, si kwamba mwenye kansa hufa kabla hajafika umri wa kusahau? Na yule aliyesahau, nani humpima kansa? Hili la pili mimi nimeliona kwa macho. Nyanyangu mwenyewe, upande wa baba, alipokuwa hajui tena ni asubuhi au usiku, alitokewa na uvimbe shingoni. Wakubwa walikaa sebuleni wakaamua asisumbuliwe. Hakukatwa nyama ya kupimwa, hakupelekwa popote. Siwalaumu hata kidogo, alikuwa analia akiguswa tu. Lakini kwenye hesabu yoyote nyanya yangu ataandikwa "alisahau, hakuwa na kansa." Wako wangapi kama yeye?

Watafiti wenyewe walilijua hilo. Wa Framingham waliangalia na kiharusi: kama wenye kansa wanaonekana salama kwa sababu tu wanakufa mapema, basi na kiharusi kingepungua kwao. Hakikupungua, na kwa waliopata kansa zinazohusishwa na sigara kiliongezeka. Wa Milano wakaangalia hata miaka ya kabla ugonjwa haujagunduliwa, bado tofauti ikabaki. Kwa hivyo kuna kitu pale, mimi naamini kipo. Ubishi ni ukubwa wake, na kama kinatoka kwenye mwili au kwenye hesabu.

Ila hata kikiwepo chote, hakisemi alichokielewa yule mama. Theluthi kupungua maana yake ni hivi: katika kila watu watatu ambao wangepata Alzheimer, wawili bado wanaipata. Na kundi la Framingham ni watu waliopona au wanaoishi na kansa yao miaka na miaka, katika nchi ambayo kansa inatibiwa. Hakuna aliyepimwa kwa kuacha uvimbe ukue. Aliyeachana na dawa haepuki kusahau; anafika kaburini kabla ya foleni ya kusahau haijamfikia. Na jambo baya kuliko yote, ambalo sikulisema kabisa: kansa ya titi isiyotibiwa inaweza kusambaa hadi ubongoni. Mtu anaweza kuacha kemo ili afe akiwajua wanawe, na kansa hiyo hiyo ikamnyang'anya akili miezi michache kabla ya roho.

Afrika imeshaonyesha kwamba wazee wanaweza kuhesabiwa. Ibadan, Nigeria, tangu 1992 walifuatilia wazee wa Kiyoruba bega kwa bega na Wamarekani weusi wa Indianapolis, na mwaka 2001 wakaripoti kwamba wa Ibadan walipata Alzheimer chini ya nusu ya wale wa Marekani kila mwaka. Burkitt aliweza kuchora kansa ya watoto hadi kwenye mkia wetu wa pwani akiwa na gari kuukuu na barua. Na watoto wale, wengine walipewa dozi moja au mbili tu za dawa wakapona, madaktari hawakuamini. Mwaka 1967 ndipo kikaanzishwa kituo pale Mulago ambacho leo ni Taasisi ya Kansa ya Uganda. Yaani dawa hizi tunazoziogopa, sehemu ya ushahidi wake ilipatikana kwa watoto wa Afrika Mashariki. Hilo nalo sikulitia kwenye sekunde 58.

Jumapili nilikwenda kwa yule dada mtu. Nilimkuta amelala mkekani ukumbini, kilemba kichwani, feni imewashwa. Nikamwambia yote haya, bila muziki. La ubongoni nililiacha mwisho, na nililisema nikiangalia chini. Akasikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza swali ambalo nadhani ndilo alilokuwa nalo tangu mwanzo: "Na mimi je, nitakuwa kama mama?"

Nikamwambia nilichokijua. Kwamba kuwa na mzazi aliyeugua huongeza hatari kiasi, lakini kwa watu wengi hairithiwi moja kwa moja kama rangi ya macho. Kwamba hata kemo yenyewe inaweza kumfanya mtu asahausahau, na kwa wengi hilo hupungua dawa zikiisha, kwa hivyo akipoteza funguo wiki hii asidhani ameshaanza safari ya mama yake. Kwamba amuulize daktari wake, si mimi.

"Wewe si ndiye uliyesema kwenye simu?" akaniuliza. Nikasema ndiye. Akacheka kidogo, akakohoa, akamwambia mdogo wake anipe chai.

Hakuniahidi kitu. Alhamisi asubuhi nilikuwa dukani nikawaona wote wawili wanapanda tuktuk, mdogo amebeba kikapu cha chakula, mkubwa ana ile bahasha kubwa ya kahawia ya hospitali. Tuktuk ikageuza kuelekea Makadara. Hakuniona, na mimi sikuita.